Wimbo wa Boti ya Sylvester

Nassa,
9 Februari 2025

Mpwa wangu Goodness,

Mwangaluka. Huko uliko ukiitika "mhola" nitajua tu, maana sikio langu la kushoto huwasha ninapotajwa kwa wema, na kutoka upande wako halijawasha muda mrefu.

Sisi hatujambo. Mvua ilichelewa, kisha ikaja yote kwa wiki moja kama mgeni aliyesahau kualikwa. Pamba imeota kwa mapengo, ila mpunga ni mzuri. Ng'ombe yule wa pembe moja amezaa ndama jike. Mke wangu Kwandu anakusalimu na anauliza kama Ludewa kuna baridi kweli, au ni maneno ya watu. Mama yako yupo kwake Kalemela, amekonda kidogo. Anasema ni meno. Mimi dada yangu namjua tangu tukichunga pamoja, si meno.

Sasa nieleze kilichonishikisha kalamu. Januari tulipoongea kwa simu nilitaja wimbo, ukakata. Nikasema ni mtandao. Nikapiga tena, na kesho yake, na keshokutwa, mpaka Kwandu akaniambia, "Mzee, mtandao hauna hasira ya siku tatu. Mtoto amekuzuia." Basi nimeona niandike. Barua unaweza kuichana, lakini hata ukitaka kuichana lazima kwanza uishike.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 26 Julai watu wa utamaduni wanakusanya ngoma Bariadi. Watarekodi nyimbo za sisi maningi wazee, watunzi tunaoongoza ngoma, ili tukishaondoka sauti zibaki. Upande wa Wagika, chama chetu cha ngoma, wamenichagua mimi. Upande wa Wagalu yupo Ngassa, mpinzani wangu wa miaka thelathini, sauti yake kama ya fisi aliyekabwa na mfupa, ila watu wanampenda na sijui kwa nini. Mimi wameniambia wimbo wanaoutaka ni mmoja tu, wimbo wa boti.

Novemba itatimia miaka minane tangu boti ya baba yako izame ghubani na watu kumi na moja, naye akiwa mmoja wao. Sitaki kupanda jukwaani Bariadi na jina la Sylvester mdomoni bila wewe kujua. Kwa hiyo nakuomba mawili. Uniambie niimbe, tena uniambie kwa moyo mweupe. La pili, uje nyumbani. Tangu uende chuoni hujakanyaga Kalemela. Mama yako haombi, ndiyo maana naomba mimi.

Ni mimi mjomba wako,
Mboje


Ludewa, Njombe,
23 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilikaa parokiani wiki mbili kwa sababu karani alikuwa na harusi. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Mwambie Mama Kwandu baridi ya huku ni ya kweli, asubuhi tunaoga kwa imani. Mimi ni mzima. Zahanati yetu ina wauguzi wawili, mimi na mwenzangu, na siku ya kliniki ya watoto hatukai hata kunywa chai.

Goti lako usilifunge kwa kitambaa cha mpira kama ulivyofanya mwaka juzi. Nenda ukapimwe. Na Mama nimemtumia dawa ya meno pamoja na barua yake, hata kama si meno.

Kuhusu wimbo, jibu langu ni hapana. Nakuomba usiuimbe Bariadi wala mahali pengine popote. Uache ufe.

Nikueleze kwa nini, usije ukadhani ni jeuri ya mtu aliyesoma. Mwaka jana mwezi wa kumi aliletwa dereva wa lori la mbao, amekatwa na bati mkononi. Mtu wa kwetu, wa Lamadi, nilimtambua kwa namna anavyosema. Nilimshona nyuzi saba. Ili asisikie maumivu akawa anaimba chinichini, na nikausikia wimbo wako. Alipofika pale pa "Sylvester hajui kusema hapana" akacheka. Nikamuuliza huyo Sylvester ni nani. Akasema, "Alikuwa na boti huko kwetu. Mtu wa tamaa, alijaza watu mpaka akawaua. Wimbo wake kila mtu anaujua."

Sikumwambia ni baba yangu. Nilifunga bandeji, nikamwandikia arudi baada ya siku tano. Kisha nilikwenda stoo, nikakaa juu ya maboksi ya glavu nikalia, mwenzangu akadhani nimefiwa.

Nimekimbia kilomita zote hizi, Mjomba, na wimbo umenifikia ukiwa juu ya lori. Mtu akifa anazikwa mara moja. Baba yangu anafukuliwa kila mavuno. Kama kweli wataka nije nyumbani, sasa umejua kinachonizuia.

Nisalimie wote.

Goodness


Nassa,
30 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Mwangaluka. Barua imefika. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikwenda kuisomea zizini kwa sababu Kwandu alikuwa ananitazama. Palizi imeisha, tumepata vibarua wa kutosha. Goti sijapima. Usinigombeze, nitapima.

Nimekusikia. Huyo dereva ningemkuta ningemshona mdomo, siyo mkono. Baba yako hakuwa mtu wa tamaa, kila aliyekula naye anajua. Lakini ulichoniomba siwezi kukupa, na nitakuambia sababu.

Watu kumi na moja walikufa. Waliopatikana ni saba, na baba yako kati yao, tukawazika. Wanne ziwa halikuwarudisha. Precious, rafiki yako, ni mmoja wa hao. Mama yake, Anna, hana kaburi la kupalilia wala msalaba wa kupaka chokaa. Ana wimbo. Kila mwaka tukicheza, hata iwe mbali kama Maswa, Anna anakuja. Anasimama mbele kabisa karibu na ngoma kubwa, hachezi, haimbi. Nikifika kwenye majina nikamtaja Precious, anaitika kwa niaba ya mwanawe, "Abee." Basi. Kisha anajifunga khanga yake vizuri anakwenda zake. Mwaka ule wa ugonjwa wa korona hatukucheza, alikuja hapa kwangu na kuku mkononi akaniomba nimwimbie yeye peke yake, uani. Nikamwimbia.

Niambie, mwanangu, nikiuacha wimbo ufe, huyu mama nimwambie aende wapi?

Kuhusu huo mstari wa hapana, wewe unajua ulivyoanza. Kwetu shemeji ni mtani, na mtani ana kazi yake msibani. Nilikuwa na haki ya kumtania Sylvester akiwa hai na nilikuwa na haki siku ya kumzika. Niliruka kaburini, nikajilaza, nikakataa kutoka mpaka wanipe kuku. Nikamwambia, "Shemeji, huku chini nako umekubali abiria wangapi? Wewe hujui kusema hapana." Watu walicheka huku wanalia. Mama yako alicheka, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunywa maji siku zile mbili. Huo ulikuwa utani wa kaburi. Watu wakauchukua wakauweka kwenye wimbo, unajua watu walivyo, wimbo ukishatoka mdomoni si wako tena.

Basi fikiri upya. Nakusubiri.

Mjomba Mboje


Ludewa,
28 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Kaburini nilikuwepo. Nilisimama upande wa miguu na nilicheka pamoja na wengine, kwa sababu nilijua ni wewe na nilijua unampenda. Huo utani sikuuchukia siku hiyo, na leo siuchukii.

Lakini "watu" hawatungi, Mjomba. Uliponifundisha nyimbo nikiwa mdogo uliniambia wimbo una baba kama mtoto alivyo na baba. Nani aliutoa huo mstari kaburini akaupeleka uwanjani?

Kuhusu Mama Precious, ndiyo kwanza nasikia. Sikujua. Nimekaa siku nyingi na hiyo "Abee" yake.

Na kuna jambo moja. Huo mstari ni uongo. Baba alisema hapana. Alisema, na yupo aliyesikia. Usiniulize zaidi.

Goodness


Nassa,
17 Juni 2025

Goodness mwanangu,

Leo sitaandika habari za pamba. Inavunwa, inatosha kujua hilo. Mama yako ni mzima.

Uliniuliza nani. Ni mimi.

Julai 2018, miezi minane baada ya msiba, tulicheza na Wagalu hapa Nassa. Unajua ngoma zetu zilivyo, pande mbili uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake, na watu wako huru. Wanaenda palipo patamu. Anayebaki na watu ameshinda, anayebaki na ngoma zake na vumbi ameshindwa, na hakuna hakimu mwingine. Mimi nilikuja na wimbo wa boti. Nilikuwa nimeutunga kwa machozi, majina yote kumi na moja, kila jina na kazi ya mtu na kijiji chake. Nikaanza kuimba. Watu wakasikiliza kidogo. Halafu upande wa pili Ngassa akaanza wimbo wa mwanamume aliyefukuzwa na wake zake wawili kwa siku moja, na watu wangu wakaanza kuondoka mmojammoja. Niliona migongo, Goodness. Ningi akiona migongo anakuwa mtu mwingine.

Nikakumbuka kaburini walivyocheka. Nikapiga kelele, ngoma zikanyamaza, nikautupa: "Sylvester hajui kusema hapana." Nikaigiza anavyowaita abiria, njoo, njoo, bado kuna nafasi. Walirudi mbio. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikaurudia mara tisa. Ngassa alibaki na ngoma zake na vumbi, mimi nikabebwa mabegani.

Hapakuwa na kaburi pale, wala kuku, wala mfiwa aliyehitaji kucheka ili anywe maji. Utani nje ya msiba ni tusi, na mimi niliyefundisha vijana wengi hilo ndiye niliyelivunja. Mama yako alikuwepo uwanjani. Alikwenda nyumbani, na tangu siku hiyo ananipa chai lakini hakai kunywa nami. Wewe Septemba ukaenda chuoni, nami nikajiambia ni masomo tu yamekuchukua.

Nilikuandikia kwamba ni watu. Mzee wa miaka sitini na nane anamdanganya mtoto wa dada yake. Nisamehe kama unaweza, na kama bado huwezi, ngoja mpaka uweze, mimi sitahama.

Huo mstari sitauimba tena. Nimeshawaambia wapigaji wangu. Sasa mahali pake pana shimo, na wimbo wenye shimo watu wanalijaza wenyewe na kile walichokizoea. Nikinyamaza pale, uwanja mzima utaimba hapana bila mimi. Lazima niweke kitu. Umesema yupo aliyesikia Sylvester akikataa. Sikuulizi ni nani. Nasema tu kwamba Bariadi ni tarehe 26 mwezi ujao.

Mboje


Ludewa,
8 Julai 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua hii inakuja na mwenzangu wa zahanati hadi Dodoma, kisha ataikabidhi kwa watu wa basi la Bariadi. Nimeogopa posta.

Nimekusamehe. Nilikaa wiki nzima nikitafuta hasira niliyokuwa nayo nikaikuta imepungua, labda kwa sababu umesema mwenyewe. Sasa na mimi niseme.

Siku ile asubuhi nilimpelekea baba chai mwaloni. Tulikuwa tumemaliza mtihani wa kidato cha nne wiki moja kabla. Boti ilikuwa imeshajaa. Baba alihesabu watu kwa kidole, akahesabu na magunia ya mpunga, akasema, "Imetosha, tunaondoka." Ndipo Precious akaja mbio amebeba unga wa ulezi kichwani. Dada yake alikuwa amejifungua ng'ambo na alikuwa hana maziwa ya kutosha, unga ule ulikuwa wa uji wake. Hakumwendea baba. Alikuja kwangu, akanishika mkono, akasema, "Goodness, niombee."

Niliingia majini mpaka magotini nikashika ukingo wa boti. Nikasema, "Baba, ni Precious." Akasema, "Hapana mwanangu, imejaa. Aje kesho." Nikasema, "Baba, kuna mtoto mchanga." Akasema, "Hapana." Alisema mara mbili, Mjomba, na uso wake haukuwa wa mchezo. Mara ya tatu nikamgeuzia mgongo nikasema, "Basi kuanzia leo usiniite mwanao." Nilisema kwa kudeka, nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuwahi kukosa kitu kwake.

Akacheka. Akainua gunia moja la mpunga, akalishusha pwani, akampandisha Precious mahali pa gunia. Wanaume wawili waliokuwa wamekataliwa mapema wakaona, wakasema, kwa nini yeye na siyo sisi, wakajirusha ndani naye akashindwa kuwatoa. Alinipungia mkono. Upepo ulianza walipokuwa wameshapotea machoni.

Mpunga wa gunia lile ndio tuliokoboa tukapika wali wa msibani. Mimi ndiye niliyepakua.

Kwa hiyo mliposema hajui kusema hapana, mlikuwa mnanisema mimi. Nilikimbia wimbo kwa sababu hiyo. Siyo tu kwamba unamtukana baba, ni kwamba kila ukiimbwa mimi peke yangu najua aliyepaswa kutajwa. Sijamwambia mtu. Mama hajui. Mama Precious hajui, na kila nikiifikiria ile "Abee" natamani ardhi inimeze.

Nenda Kalemela umsomee Mama barua hii. Siwezi kumwandikia mwenyewe, nimejaribu mara nne. Kisha imba. Kama wimbo unataja watu, nitaje na mimi, kwa jina langu. Sitaki tena kufichwa nyuma ya baba.

Goodness


Nassa,
29 Julai 2025

Goodness mwana wa Sylvester,

Mwangaluka, mwanangu. Naandika haraka.

Barua yako ilinifikia tarehe 19. Siku ileile nilikwenda Kalemela. Mama yako alikuwa anaanika dagaa. Nikamsomea tumesimama, maana hakutaka kukaa. Nilipofika pale pa "hapana" ya pili aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena. Kisha akakaa chini kabisa, penye dagaa, akasema, "Kumbe alikataa." Goodness, dada yangu amekuwa akimkasirikia marehemu miaka yote hii. Anasema kila akienda kaburini alikuwa anamgombeza, kwa nini hukukataa, mwanamume gani wewe usiyeweza kukataa. Alilia, halafu akaenda ndani akaleta chai na vikombe viwili, na tukanywa pamoja. Kuhusu wewe alisema hivi, nami naandika kama alivyosema: "Huyo mtoto ni mjinga. Alikuwa anamwombea mwenzake. Nilimlea aombee wenzake." Usidhani hakuumia. Aliumia. Lakini hilo ndilo alilolisema kwanza.

Jumamosi tukaenda Bariadi, na yeye akaja. Watu walikuwa wengi kuliko Sabasaba. Wenye kurekodi wakaweka vinasa sauti vyao, wakaniuliza kama niko tayari. Niliwaambia sijawahi kuwa tayari. Nikaanza. Majina yakaenda vizuri. Nilipokaribia pale pa shimo nikasikia uwanja unavuta pumzi, wameshajiandaa kucheka, na wengine wakaanza "Sylvester hajui..." Nikainua mkuki wangu wa kuchezea juu, ngoma zikakatika. Nikaimba, na kwa Kiswahili ni kama hivi:

*Sylvester alisema hapana,*
*alisema hapana mara mbili, maji yakiwa magotini mwa Goodness.*
*Mwana akamwomba nafasi ya mwenzake,*
*baba akashusha mpunga akapandisha mtu.*
*Nani hapa ana baba asiyeombeka?*
*Anyooshe mkono, nimwimbe yeye.*

Hakuna aliyenyoosha. Hakuna aliyecheka pia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ngoma nilikuwa na uwanja mzima na haukuwa na kelele. Niliona wanaume wanaangalia viatu vyao. Nikauimba mara ya pili, na mara ya tatu wakawa wananiitikia. Ngassa, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, alikuja akasimama nyuma yangu na kuitikia na sauti yake mbaya. Sijui nitamtukanaje msimu ujao.

Sasa sikiliza. Anna alikuwa mbele pale pake. Alikuwa ameshasikia yote. Nilipomaliza alinifuata nyuma ya ngoma, na mimi nilijua ananijia kwa ubaya, nikajisemea, mwache, akupige, ni haki yake. Mama yako akasogea karibu. Anna alikuwa ameshika khanga yake mdomoni. Akasema, "Mboje, huo wimbo haujaisha." Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Nyamaza unisikilize. Mimi ndiye niliyemtuma. Sylvester alikuwa amemkatalia Precious tangu jioni iliyotangulia, alimwambia boti ya kesho yake imejaa. Asubuhi nikamwambia mwanangu, usimwendee mwenye boti, nenda kwa Goodness, maana mwanawe hamkatalii. Nilijua. Nilimfundisha maneno ya kusema."

Anasema hilo hajamwambia mtu, hata mume wake. Anakuja kwenye kila ngoma kwa sababu anadhani siku moja nitaimba aliyemtuma Precious, na akitajwa anataka awepo aitike mwenyewe. Miaka yote hiyo mimi nilidhani anakuja kwa ajili ya jina la mtoto tu.

Mama yako alimkumbatia, wakaanguka wote wawili kwenye vumbi, watu wazima, na wenye kurekodi hawakujua kama wazime au waendelee.

Anna amenituma nikwambie, kabla hujalala na mzigo huo siku nyingine: "Mwambie hakuniulia mtoto. Mwambie tulimwomba baba yake sote wawili." Ametaka jina lake nalo liwekwe, nami nitaliweka, ila nimemwambia natunga polepole siku hizi. Nataka uwepo nikiliimba.

Wabeja, mwanangu, kwa kuniamini.

Mjomba wako,
Mboje


Ludewa,
12 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye benchi la kliniki, na akina mama waliokuja na watoto wao walinyamazisha watoto wakaningoja nimalize kulia. Mmoja alinipa kanga yake.

Nimepewa likizo ya siku ishirini na nane. Nitateremka Lamadi Jumatano tarehe 3 Septemba, na nimefungua namba yako, kwa hiyo piga, ila usipige kila saa.

Mwambie Mama asichinje kitu. Nitapitia kwanza kwa Mama Precious. Najua Mama ataelewa, na kama hataelewa mwambie aje huko anikute. Kati ya nyumba yetu na ya Mama Precious kuna shamba moja tu la mihogo. Miaka minane mama yule amekuwa upande mmoja akidhani ni yeye, na mimi upande wa pili nikidhani ni mimi, halafu mimi nikakimbilia Ludewa. Nimechoka na umbali huo.

Sijui nitamwambia nini. Nikifika mlangoni nitabisha hodi, na akiuliza ni nani, nitasema ni Goodness.

Mpwa wako,
Goodness